Obare Amemeza

Hii hadithi alinipa Nyarangi, yule mama wa kuuza samaki wa omena kule Sindo. Alikuwa jirani ya hao watu wenyewe, kwa hivyo msinicheke.

Kulikuwa na Edith, msichana wa afya wa kijiji. Kazi yake kuchunga wagonjwa wa kifua wameze dawa. Siku hizi hizo tembe ziko na kitu ndani, kidogo kama mbegu ya sukuma. Ukimeza, plasta kwa mbavu zako inasikia, simu ya Edith inalia tii! Fulani amemeza.

Sasa mgonjwa wake mmoja, Obare, akakufa. Wakamzika na plasta yake mbavuni, na mke wake Pauline, kwa mapenzi, akaficha mkebe wa dawa zilizobaki ndani ya jeneza. Kesho yake saa moja asubuhi, tii! Obare amemeza.

"Ni netiwaki," Edith akasema.

Pauline akacheka na machozi. "Huyo! Akiwa hai nilimbembeleza kama mtoto. Leo ndio anasikia?"

Edith angefuta jina, lakini kliniki ilikuwa inamsifu: hakuna mgonjwa wake anakosa hata siku. Akaacha.

Ikalia siku kumi na nane, na tembe alizozikwa nazo zilikuwa kumi na nane. Siku ya kumi na tisa, kimya. Ya ishirini, tii, na Pauline huyo mbio na mkebe wake mwenyewe, maana hata yeye alikuwa anaugua kifua.

"Mama, ni nini?" Edith akauliza.

"Nusa."

Dawa yake ya leo haiko. Ndani ni udongo mwekundu, umelowa.

Kufika wiki Pauline anatema damu, simu inasema Obare amemeza, Pauline hajameza, na hata yeye na Edith walipolala wawili kwa kitanda kimoja, mlango na kufuli, mkebe katikati yao, kukipambazuka walisikia kitu kinatafuna polepole hapo chini ya kitanda, kinatafuna, kinanyamaza, halafu kikakohoa kile kikohozi cha Obare chenye kijiji chote kilijua.

Wakamwita Nchagwa, mzee wa dawa za kienyeji kutoka Migori. Akauliza tu, "Nani anamhesabu huyu kila asubuhi?"

Edith akatoa simu.

"Sasa atajuaje amekufa? Mtoe!"

Edith akafuta. Nchagwa akainama kaburini. "Obare, dawa yako imeisha. Pumzika, baba."

Asubuhi mkebe wa Pauline ulikuwa mkavu, hakuna kitu kimeguswa. Akameza. Tii! Pauline amemeza. Edith akakaa chini kwa furaha, akajimiminia chai, akapiga funda moja.

Tii.

Edith amemeza.

Na Edith hakuwa mgonjwa. Chai ikawa na ladha ya udongo. Akainua blauzi polepole, na hapo kwa mbavu kulikuwa na plasta, kuukuu, nyekundu ya matope, bado ina baridi.

Haya, imetosha. Na nyinyi mnajishika mbavu za nini? Laleni.