Mipera Haikatwi

Majirani walimwita Mama Hapana, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Ukitaka kumpita kwenye foleni ya bomba, hapana. Ukitaka kumuuzia nyanya za jana, hapana. Lakini siku mume wake alipomwita mdogo wake aje na shoka, hapana ile ilitoka kwa sauti ndogo. Safari hii aliogopa.

Shamba lao lilikuwa la mipera, na mipera ile ndiyo iliyosomesha watoto wao wote. Sasa kila pera lililoiva lilikuwa na funza. Kwa nje lilipendeza na kunukia, lakini ukilipasua, wadudu weupe walikuwa wanacheza ndani. Wachuuzi waliozoea kuja na matenga walipita njia bila hata kusalimia.

"Mti usiozaa ni kuni," alisema shemeji. Kazi yake ilikuwa kuchoma mkaa, na mpera hutoa mkaa mzuri. Kwa hiyo alisema kwa furaha iliyozidi kidogo ile inayompasa ndugu.

"Inazaa, shemeji," Mama Hapana akajibu. "Ila wanaofaidi ni funza."

Mume wake alitazama pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Baba yao ndiye aliyepanda miti ile, akawaachia na desturi moja: pera likianguka haliokotwi. Cha ardhi ni cha ardhi. Kila jioni mume alichukua fagio, akayasukuma mapera yaliyooza mpaka kwenye shina yawe mbolea. Funza, alisema, huletwa na mvua, na nani atashindana na mvua?

"Nipe msimu mmoja," mkewe akamwambia. "Mapera yakitoka mabovu tena, nitaikata mwenyewe."

Shemeji akacheka, akamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Guu ni langu," alisema Mama Hapana.

Wakati ule bibi shamba, yaani mtaalamu wa kilimo wa eneo lao, alikuwa akiwafundisha wakulima wa matunda. Hakutumia ubao wala madawati. Waliingia shambani, wakashika udongo, wakapasua matunda. Mama Hapana alikwenda akiwa tayari kubisha. Alipoambiwa kwamba mapera yaliyoanguka lazima yaokotwe, akabisha kweli. Kwao yale ni mbolea, alisema, tangu enzi za baba mkwe.

Bibi shamba hakukasirika. "Usiniamini mimi," alimwambia. "Lete pera lililooza, na udongo wa chini ya mti wako."

Wakatia udongo kwenye chupa yenye mdomo mpana. Juu yake wakaweka pera lenye funza, kisha wakafunika kwa kitambaa chepesi na kukikaza kwa mpira. Wakiwa wanafanya hivyo, bibi shamba akaeleza. Nzi wa matunda hutoboa pera likiwa bado mtini, akataga mayai ndani. Mayai huwa funza. Pera likianguka, funza hutoka na kujichimbia udongoni. Humo hujikunja kama punje ya kahawia, na akitoka ni nzi mpya, tayari kutoboa pera lingine.

Mama Hapana aliiweka chupa mezani, mbele ya kiti cha mume wake. Mume alilalamika kwamba watu wanakula pale. Hapana, haiondoki. Siku zikapita. Pera likayeyuka, funza wakazama udongoni, na mume akasema wamekufa.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa chai. Ghafla kikombe kikabaki hewani. Ndani ya chupa nzi wembamba walikuwa wanapanda kioo na kugonga kitambaa. Na humo ndani haikuwa imenyesha hata tone.

Akakitua kikombe mezani. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake alikuwa amekifagilia mwenyewe mpaka kwenye shina.

"Kumbe nimekuwa nikiwafuga," alisema.

"Tumewafuga sote," mkewe akajibu. "Sasa tuache."

Tangu siku ile waliokota mapera yote yaliyoanguka, kila siku, hata kama mgongo unauma. Mengine waliyafunga kwenye mifuko mizito myeusi na kuiacha juani mpaka funza wafe. Mengine waliyafukia kwenye shimo la kufika mapajani na kulishindilia vizuri. Walitundika mitego ya nzi waliyofundishwa na bibi shamba. Walipunguza matawi ili mwanga uingie. Hawakusubiri tena mapera yaive kupita kiasi mtini.

Majirani waliwauliza matanga ya mapera ni lini. Mama Hapana aliwajibu kwamba nzi hajui mpaka wa shamba, basi waje na majembe yao. Wengine walicheka tu, lakini wengine walikuja.

Mwanzoni mabadiliko hayakuonekana. Shemeji alipita mara kwa mara, akiigonga mipera kwa kiganja na kuchagua wa kuanza nao. Mama Hapana alilala vibaya, akaamka, akaokota.

Mavuno yalipofika, mapera machache bado yalikuwa na funza. Mengi yalikuwa mazima. Mchuuzi wa kwanza alipasua moja, akatazama, akapasua la pili, kisha akalila lote palepale. Akaomba matenga yajazwe.

Shemeji alifika wakati wanapakia, shoka begani. Msimu ndio huu umekwisha, alisema, na ahadi ni deni. Mama Hapana alifungua mdomo.

Mume wake akamtangulia. Alitoka kati ya miti na ndoo ya mapera aliyoyaokota, akaitua miguuni pa mdogo wake.

"Hapana," alisema. "Mipera hii haikatwi. Weka shoka chini, ushike ndoo. Ya upande ule bado hayajaokotwa."