Kamera Inayoona Nyuma ya Kona

Rafiki yangu, fundi wa maabara, si mtu wa kuzua mambo. Kazi yao pale maabara ni kupiga picha mwanga ukiwa safarini: kamera hunasa hata chembe moja ya mwanga inayogonga ukuta na kurudi, ikachora hata kile kilichojificha nyuma ya kona. Chumba lazima kiwe giza totoro, na kisiwe na mtu.

Mchana mmoja aliingia kuitega kamera, naye alikuwa hoi kwa uchovu. Badala ya kutoka akajibanza kwenye kiti, pembeni kabisa. Taa zikazimwa, kamera ikaanza kulia tik, tik, tik.

Bosi wake, aliyekuwa chumba cha pili mbele ya skrini, akapaza sauti ya kuchoka: "Jamani, nawaona. Mmoja amekaa, mwingine amesimama nyuma yake. Tokeni, mnaniharibia picha."

Rafiki yangu alikuwa ameingia peke yake. Akataka kuinuka, akashindwa. Tik, tik.

"Haya, afadhali," bosi akasema. "Aliyekaa ametoka. Na wewe uliyesimama, unangoja nini?"

Mlango haukuwa umefunguliwa. Rafiki yangu alikuwa bado amekaa.