Chelimo Wawili, Mstari Mmoja

Nyumbani kwa Chelimo, hapa Roret, ng'ombe hula kabla ya watu. Chelimo anakama, mumewe Kiptanui anakata nyasi, kisha wanakunywa chai ya maziwa. Baada ya hapo wanabeba vikapu na kuingia shambani kuchuma majani chai. Mimi ni jirani yao. Tunatenganishwa na ua tu, kwa hiyo nasikia mengi ambayo sikutumwa kuyasikia.

Ng'ombe wao anaitwa Chelel, jina la Kikipsigis, kwa sababu ni mweupe. Wanaye huyo mmoja tu, na mwaka huu alikuwa na mimba.

Mwaka jana pia alikuwa na mimba. Hawakujua siku zake vizuri, wakaendelea kumkama karibu hadi alipozaa. Ndama alitoka dhaifu, na maziwa ya kwanza yalikuwa mepesi kama maji. Hakumaliza wiki. Chelimo alilia sana. Chelel anazeeka, na bila ndama jike wa kumrithi, zizi lile lingebaki tupu. Basi safari hii Chelimo aliapa kwamba hatapoteza ndama mwingine.

"Baba Lenah," alimwuliza mumewe, "hii ng'ombe ilipandishwa lini?"

"Si ni wakati ule wa mvua?"

"Mvua gani? Hapa kwetu inanyesha mwaka mzima."

"Ile mvua kubwa," akasema Kiptanui, akavaa gambuti zake akaenda zake.

Anayepandisha ng'ombe wetu ni daktari Mageto. Huja kwa pikipiki na mbegu ya dume kwenye mtungi baridi, dume mwenyewe haonekani. Akimaliza kazi huandika tarehe katika grupu ya WhatsApp ya chama chetu cha ng'ombe. Chelimo alimpigia simu.

"Mama, niliandika kwa grupu," Mageto akamwambia. "Panda juu utaona."

Chelimo akapanda juu. Akakutana na rambirambi, mahubiri, picha za keki, na mtu anayeuza viazi. Akaendelea kupanda hadi kidole kikachoka. Tarehe ya Chelel hakuiona.

Kwenye mkutano wa chama alisimama akasema wazi, "Mimi nimechoka kutafuta mimba ya ng'ombe katikati ya keki."

Tulicheka, lakini kila mtu alijua anasema kweli. Hapo ndipo Janefer Nyabate aliponyoosha mkono. Janefer alizaliwa upande wa Kisii, ameishi nasi miaka mingi, na ana saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Litein. Alituambia tufungue hifadhidata.

"Hiyo ni dawa ya ng'ombe?" akauliza Kiptanui.

"Hapana, Baba Lenah. Fikiria kioski. Ndani kuna rafu, na kila kitu kina mahali pake. Nje kuna dirisha. Wewe huingii ndani. Unauliza pale dirishani, unaletewa ulichotaka. Hifadhidata ndiyo rafu. Ukurasa wa intaneti ndio dirisha."

"Na kwenye rafu tutaweka nini?"

"Jedwali. Kila ng'ombe atapata mstari wake. Kila jambo litapata safu yake: mwenye ng'ombe, rangi, tarehe ya kupandishwa, hali yake. Siku ya kuacha kukama na siku ya kuzaa, kompyuta itahesabu yenyewe."

Tulikubali. Janefer alikusanya ujumbe wote wa Mageto, akaanza kuujaza kwenye jedwali baada ya kazi zake. Kisha akatengeneza ukurasa mdogo wenye kisanduku kimoja juu. Unaandika jina la mwenye ng'ombe, unabonyeza Tafuta, habari za ng'ombe wake zinatokea hapo chini.

Siku ya kuzindua ukurasa ule, Chelimo alikuwa wa kwanza kujaribu. Aliandika jina lake. Macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye tarehe ya kuzaa.

"Desemba!" akasema, akapiga makofi. "Kumbe bado kabisa. Hata kukama nitaacha Oktoba."

Alirudi nyumbani na furaha tele, akaendelea kukama. Jioni nilisikia maziwa yakilia kwenye ndoo, na Chelimo akiimba.

Kiptanui hakuimba. Yeye si mtu wa maneno mengi, lakini ng'ombe anawajua. Siku chache baadaye, Agosti ikiwa imeanza, alisimama nyuma ya Chelel akamtazama kwa muda mrefu.

"Mama Lenah, hii tumbo si ya Desemba."

"Sasa wewe unajua kushinda kompyuta?"

"Mimi sijui kompyuta. Soma hiyo kitu tena. Soma yote, usisome tarehe peke yake."

Chelimo alitoa simu, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti. "Mwenye ng'ombe: Chelimo. Kupandishwa: Machi. Rangi..." Akaisogeza simu karibu na macho.

"Rangi nini?"

"Mweusi."

Wote wawili wakamgeukia Chelel, aliyekuwa anatafuna taratibu, mweupe pe.

Chelimo hakusubiri hata kubadilisha nguo. Alipanda boda mpaka Litein na gauni lake la shambani. Nilikuwa pale saiba kutoa kopi ya kitambulisho, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

"Janefer, hii ng'ombe ni ya nani? Mimi yangu ni nyeupe."

Janefer alifungua jedwali. Alitafuta, akakuna kichwa, halafu akashika mdomo.

"Ni ya Kogo Chelimo, yule nyanya wa kule bondeni. Mama Lenah, nimekukosea. Nilianza kukujaza wewe. Siku nyingine nikafika kwa ujumbe wake. Kompyuta ikaniuliza: Chelimo yupo tayari, nibadilishe? Nikadhani Mageto anasahihisha. Nikabonyeza Ndiyo. Kogo akaandikwa juu yako."

"Lakini mimi nilikuambia andika Chelimo, watu wote wananijua!"

"Watu wanakujua. Kompyuta haijui."

Na hapo, jamani, hata mimi nilijicheka. Sisi Wakipsigis mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi, ng'ombe wakienda malishoni, tunamwita Chelimo. Na ni nyumba gani hapa ambayo ng'ombe hawaendi malishoni asubuhi? Ukiita Chelimo sokoni Roret, nusu ya soko itaitika.

"Hata kwetu kina Mongina wamejaa," Janefer akasema. "Jina si kitambulisho. Hiki hapa anachotoa jirani yako kopi kina namba, na namba hiyo ni ya mtu mmoja tu. Kila mstari kwenye jedwali unataka namba yake hivyo hivyo, namba ambayo mwingine hawezi kuwa nayo."

"Sasa ng'ombe atapata wapi kitambulisho?"

"Sikioni. Si Chelel ana hereni ya njano?"

"Anayo," Chelimo akasema. "Ina namba."

"Basi hiyo ndiyo ufunguo wetu. Hata nyumba moja ikiwa na ng'ombe kumi, au kijiji kikiwa na kina Chelimo mia, hakuna mstari utakaokalia mwingine. Na kompyuta ikiniuliza nibadilishe, nitasoma kwanza."

Kwa bahati nzuri, Janefer ana tabia ya kuhifadhi nakala ya jedwali kila wikendi, nje ya kompyuta ile. Aliifungua nakala ya zamani. Mstari wa Chelel ulikuwepo, mzima: mweupe, alipandishwa katikati ya Desemba iliyopita. Akaurudisha, akampigia Kiptanui amsomee namba ya hereni, akaijaza. Kisha akauonyesha mstari kwenye ukurasa.

Chelel alikuwa wa kuzaa mwisho wa Septemba. Siku ya kuacha kukama ilikuwa mwisho wa Julai. Ilikuwa imepita kwa wiki moja.

Chelimo alikaa chini. "Nimechelewa tena," akasema, machozi yakimtoka.

Janefer alimpigia Mageto, akaweka simu kwenye spika.

"Wiki moja si mwisho wa dunia, mama," Mageto akasema. "Acha kukama leo. Punguza chakula cha unga. Kesho nitakuja kumwekea dawa kwenye chuchu. Anahitaji kama miezi miwili ya kupumzika, ndipo ndama apate nguvu na maziwa ya kwanza yawe mazito. Bado tuko na muda."

Chelimo alifuta machozi. Kabla hajaondoka, Janefer alibadilisha kisanduku cha ukurasa kiulize namba ya hereni. Aliondoa pia namba zetu za simu, ambazo alikuwa ameziacha zionekane. "Dirisha lisionyeshe kila kilicho ndani," akasema. Kusoma, mtu yeyote anaweza. Kuandika kunataka neno la siri.

Kwa Kiptanui, miezi ile ilikuwa mirefu. Alikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi na jioni, akinuna kila kikombe. Siku moja alikuja kwangu akiwa amebeba kikombe chake mwenyewe, kuomba maziwa. Nilimpa. Chelimo hakukama hata tone.

Mwisho wa Septemba Chelel alizaa mchana kweupe, Mageto akiwa pembeni bila kazi ya kufanya. Ndama jike. Alianguka, akajaribu, akaanguka tena, kisha akasimama na kutafuta chuchu. Maziwa ya kwanza yalitoka ya manjano na mazito. Kogo Chelimo alikuwa amepanda kutoka bondeni kuja kuona, akapiga kigelegele hadi Chelel akashtuka.

Mageto alimtoboa ndama sikio baada ya siku chache, akamvisha hereni. Siku hizo Janefer alikuwa ameshampa Chelimo neno la siri na kumfundisha kujaza, kwa sababu alisema hajaona mtu anayeogopa kosa kama yeye.

Chelimo alikaa kwenye kigoda nje ya zizi, simu mkononi. Alijaza namba ya hereni. Akaisoma sikioni mara ya pili, akalinganisha. Akajaza mama, akajaza rangi. Alipofika kwenye safu ya hali alimtazama ndama, kisha akaandika na kubonyeza Hifadhi. Akafungua ukurasa upya, mstari ukatokea.

"Inasema aje?" Kiptanui akauliza.

Chelimo akasoma polepole. "Hali: mzima. Anasimama mwenyewe. Ananyonya vizuri."

Kiptanui alijifanya anatazama mbali, kule kwenye majani chai.

"Soma tena," akasema.

Chelimo akasoma tena.