Alama Sabini na Nane

Siku Mukunde alipokutana na Bayingana, aliitema kahawa yake mbele ya watu. Banda la maonyesho lilijaa wanunuzi, na Bayingana, suti ya bluu, marashi mengi, ndiye aliyemmiminia.

"Dada! Hiyo kahawa ya marehemu baba!"

"Ni nzuri. Mimi muonjaji, kutema ndiyo kazi."

Bayingana alicheka hadi wateja wakageuka, kisha akaomba namba ya simu.

Miezi minane walipendana. Ndipo sampuli za kahawa za msimu zikafika maabara alikofanya kazi Mukunde, kila moja na namba badala ya jina. Mukunde akaonja, akaandika. Kesho yake Bayingana akapiga simu.

"Kipenzi, umeniua! Sabini na nane? Soko la kahawa bora linaanzia themanini!"

"Sikujua ni yako."

"Sasa unajua. Alama mbili tu, mpenzi."

"Sasa ndiyo siwezi kabisa."

"Na hii 'aftertaste' mliyoipa sita ndiyo nini? Mdudu?"

Mukunde alishusha pumzi. Alishalieleza neno hilo kwa wakulima, madereva, hata kwa padri mmoja. "Ni ladha inayobaki mdomoni ukishameza au kutema. Neno lenyewe halisifu wala halilaumu. Ikibaki tamu, naongeza. Yako ilibaki sekunde nne, ikaacha ukavu."

"Unanipimia mapenzi kwa saa!"

"Napima kahawa, Bayingana! Mapenzi umeyaingiza wewe!"

Simu ikakatwa. Siku kumi Bayingana hakupiga tena. Mukunde alimkasirikia yeye, kisha akajikasirikia mwenyewe kwa kuitazama simu kila dakika tano.

Jumamosi asubuhi Bayingana alisimama getini kwa Mukunde, mtaa wa Kagugu, buti zimejaa tope, ndevu hazijanyolewa.

"Nimetoka kituoni kwetu, tunakooshea kahawa. Tulinunua matunda ya kahawa yasiyoiva, ndiyo yaliyoleta ule ukavu. Mimi ndiye niliyeamuru."

"Kwa nini, na wewe unajua kahawa?"

"Haraka ya pesa. Nilitaka ng'ombe wanane wa mahari kabla ya Agosti." Akainamisha kichwa. "Ulikuwa sahihi. Nitaiuza kama kahawa ya kawaida. Ng'ombe ni msimu ujao. Utanisubiri?"

"Wanane! Nani kakutajia wanane?"

"Hakuna. Nilikisia."

"Mungu wangu, huyu mtu! Baba yangu anaishi Ndera, nyumba na ukuta tu, malisho hana. Wanane atawafuga sebuleni?" Mukunde akafungua geti kwa hasira. "Walete wazee wako Jumapili ijayo wamuulize mahari anayotaka. Mimi nilishakubali tangu Januari, wewe tu hukuniuliza."