Boliti Kuukuu Haitaki Hasira

Tangu mkewe afariki, babu aliishi peke yake. Asubuhi alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, akainywa yote, kisha akaenda uani kuipigia stori pikapu yake. Ilikuwa kuukuu, lakini haikumkatiza maneno.

Tatizo lilikuwa ekzosi, bomba la kutolea moshi. Ilivuja pale inapoungana na injini, moshi ukaingia ndani ya gari. Mjukuu alipanda mara moja tu, akaumwa kichwa na kutapika. Binti wa babu, mama wa mtoto, akasema mtoto hatapanda tena mpaka moshi uishe. Alisema kweli. Moshi wa gari huweza kuua hata usipounusa.

Babu akanunua gasketi mpya ya kuziba kiungo hicho, akashika spana. Boliti ya kwanza ikagoma. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, akavuta kama anayenasua ng'ombe matopeni. Kichwa cha boliti kikakatika. Babu akaanguka chini kwa matako, spana mkononi, na hakuna wa kumcheka wala wa kumpa pole.

Jirani yake alikuwa mama mchomeleaji wa mageti, jina la utani Cheche. Alizoea kumsikia babu akibishana na gari. Sauti ya babu ilipokatika ghafla, akaingiwa na shaka, akaja.

"Shemeji, unafungua boliti au mnapigana?"

"Imekatika."

"Haikukatika. Umeikata."

Akamweleza kwamba joto na kutu hugandisha chuma kwa chuma. Injini ikiwa baridi, sugua kutu kwa brashi ya waya. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, uache yapenye mpaka kesho. Tumia spana ya soketi ya pembe sita inayobana sawasawa, maana iliyopwaya hula kichwa cha boliti.

"Mpaka kesho?" babu akauliza. "Na mimi nitafanya nini mpaka kesho?"

Cheche hakucheka. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi. Wakamzungumzia marehemu mkewe mpaka jua likazama.

Kesho yake wakaanza. Kwanza unakaza kidogo sana, ili kutu iachie. Kisha unalegeza kidogo. Ikikwama unarudi nyuma, unaongeza mafuta, unaibembeleza kama mtoto aliyenuna. Babu alipolitafuta lile bomba, Cheche alikuwa amelikalia. Boliti zikatoka moja moja, zikilia. Kwa ile iliyokatika, Cheche alifuta mafuta yote yasishike moto, akachomelea nati juu ya kisiki chake, akaizungusha taratibu mpaka ikatoka. Wakaweka gasketi, na boliti mpya wakazipaka grisi ya kustahimili joto, wakazifunga. Wakawasha gari. Hakuna uvujaji.

Binti akaruhusu. Babu alimfuata mjukuu kwa pikapu, akiwa na mzigo wa hadithi za kumsimulia. Lakini kabla ya kona ya kwanza mtoto alikuwa amelala fofofo, bila kikohozi, bila kichefuchefu.

Babu akazimeza hadithi zake. Kisha akapita njia ndefu.