Tarehe Niliyoiandika Juu ya Krismasi

Kila siku ya shule, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, simu ya Mama ililia mezani jikoni kwetu Al-Safa, Jedda. Alikuwa Baba. Baba ni fundi mkuu wa umeme, na kazi yake iko Riyadh, kwa hiyo tulimwona wikendi mbili tu kwa mwezi. Akishamsalimu Mama, aliniita mimi.

"Waziri wa Ushuru, kalenda inasemaje?"

Waziri huyo ni mimi, Shirleen, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Cheo hicho nilipewa Januari, baada ya Baba kusahau tarehe moja na kutozwa faini. Alitundika kalenda kubwa ukutani, akanikabidhi kalamu mbili na kusema kwamba yeye ana serikali mbili za kulipa na kichwa kimoja tu cha kukumbuka.

Huko Kenya, Baba ana vyumba vitatu vya kupangisha mjini Kakamega, na ushuru wake hulipwa kabla ya tarehe ishirini ya kila mwezi. Kisha kuna ritani, ile fomu ya mwaka mzima, ambayo mwisho wake ni tarehe thelathini Juni. Hizo niliziandika kwa kalamu nyekundu. Huku Saudia kuna ushuru wa familia. Mgeni anayefanya kazi hapa hulipa ada kwa kila mtu wa familia anayeishi naye, na isipolipwa, ikama zetu, yaani vibali vya kuishi, hazifanywi upya. Tarehe hiyo niliiandika kwa kijani.

Kazi hiyo nilijivunia kupita kiasi. Mama akichelewesha karatasi yoyote nilimkaripia mpaka akacheka. Nilimwambia kila mtu kwamba kwetu hakuna tarehe inayopita bila mimi kuiona.

Jumatatu moja katikati ya Juni, nilirudi shuleni nikamkuta Mama ameketi kando ya sanduku lililofungwa nusu. Nyanya Roseline, mama yake, alikuwa ameanguka bafuni huko Kakamega na kuvunjika nyonga. Upasuaji ulipangwa kufanywa Ijumaa. Mama ni mtoto wake wa pekee, na Nyanya alikuwa amekataa katakata kuingia chumba cha upasuaji kabla hajamwona.

"Baba yako anaomba visa yangu ya kutoka na kurudi," Mama alisema. "Akiipata leo, keshokutwa nasafiri."

Baba alipiga simu saa kumi na moja jioni. Sauti yake ilijaa jikoni kote.

"Imekataliwa, Miriam. Ikama zimeisha tangu siku mbili zilizopita. Ushuru wa familia haujalipwa, na faini juu. Huyu Morgan anakaa ofisini kufanya nini?"

Morgan alikuwa karani wa karatasi za wafanyakazi katika kampuni ya Baba, Mkenya mwenzetu kutoka Bungoma. Madereva wa mtaa wa Al-Nuzha na walinzi wa mtaa wa Karantina hapa Jedda walimtumia barua zao awasomee, wala hakuwaomba chochote. Lakini jioni hiyo sikuyakumbuka hayo. Nilimwona Mama ameshika kichwa, nikawaka. Mtu amepewa kazi ya kukumbusha watu tarehe, kisha anatulia tu mpaka nyanya yangu analala hospitalini kwa maumivu akimngoja binti yake. Niliona huo ni unyama.

"Kesho saa saba mchana naenda kwa bosi," Baba alisema. "Morgan aandikiwe barua ya onyo, au afukuzwe kabisa. Halas, imetosha, nimechoka."

Mama alipokwenda kumlaza Lukas, ndugu yangu mdogo, nilichukua simu yake. Humo kulikuwa na kundi la Wakenya wa Jedda na Riyadh, watu mia mbili na kumi. Niliandika: "Morgan wa Riyadh ni mzembe. Ameacha ikama zetu ziishe na sasa Mama hawezi kumfikia mzazi wake mgonjwa. Msimpe karatasi zenu." Nikatuma bila kuomba ruhusa.

Majibu yalimiminika. Dereva mmoja aitwaye Duncan aliandika kwamba siku zote alimshuku. Selipher, muuguzi, aliandika, "Morgan, nirudishie pasipoti ya mtoto wangu kesho." Morgan aliandika mara moja tu: "Shemeji Miriam, nipigie tafadhali." Nilisoma, nikaona anatafuta njia ya kujitetea, nikaizima simu. Nililala nikiwa na hasira na, niseme ukweli, nikijisikia shujaa.

Jumanne kipindi cha tano kilikuwa cha Kiarabu. Ustadha Hanan huandika tarehe ubaoni kila siku, upande mmoja ya kawaida na upande wa pili ya Kiislamu, nasi hunakili zote mbili kwenye madaftari. Nilikuwa nimenakili hivyo mwaka mzima bila kufikiri. Siku hiyo upande wa pili uliandikwa 28/12.

Niliandika ishirini na nane, nikaandika kumi na mbili, kisha kalamu ikasimama.

Tarehe niliyoinakili kutoka kwenye ikama ya Baba ilikuwa 25/12. Januari ile nilifungua kalenda yetu mwezi wa Desemba, nikaiandika kwa kijani juu ya neno Krismasi. Nakumbuka nilishangaa kidogo kwamba Saudia wamechagua siku ya Krismasi kukusanya ushuru, kisha nikafurahi kwa kuwa siwezi kuisahau. Sikumwuliza mtu. Ile kumi na mbili haikuwa Desemba hata kidogo. Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili wa Kiislamu, mwezi wa Hija, na mahujaji walikuwa wamepita Jedda wiki mbili nzima mbele ya macho yangu.

Sauti moja ndani yangu iliniambia ninyamaze. Nani angejua? Ningerudi nyumbani, nichane ukurasa wa Desemba, na Morgan angebaki mwenye makosa. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Saa saba Baba angekuwa mbele ya bosi.

Nilinyoosha mkono. "Ustadha, naomba kumpigia baba yangu. Nimefanya kosa, na mtu anakaribia kuachishwa kazi kwa sababu yangu."

Alinitazama, akanipa simu yake, tukatoka naye mlangoni.

"Baba, usiende kwa bosi," nilisema. "Si Morgan. Ni mimi. Niliandika Desemba."

Nilimweleza yote, na ule ujumbe pia.

"Ujumbe gani? Watu wangapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Shirleen." Hakuwa amewahi kuliita jina langu hivyo. Kisha akashusha pumzi. "Morgan alinikumbusha mwezi uliopita. Nilimjibu asihangaike, binti yangu anaweka kalenda. Nilipokasirika jana, hilo sikutaka kulikumbuka. Ngoja nimpate."

Niliporudi nyumbani nilimwambia Mama. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alinipa simu na kusimama nyuma yangu. Niliandika katika kundi lile lile kwamba mimi ndiye niliyekosea tarehe, kwamba Morgan alitukumbusha mapema, na kwamba nilimchafulia jina bila kumwuliza. Majibu hayakumiminika safari hii. Watu wanane tu ndio waliojibu. Duncan hakuandika neno.

Saa kumi jioni Baba alipiga simu, na Morgan alikuwa kando yake. Ushuru na faini vilikuwa vimelipwa, ikama zimefanywa upya, na visa ya Mama imetoka. Fomu zetu, Morgan alikuwa amezijaza tangu asubuhi huku akitukanwa, kwa sababu alijua mgonjwa hangoji ugomvi wa watu uishe.

"Anko Morgan, naomba radhi," nilisema.

"Nimekusikia," alijibu. Sauti yake haikuwa laini, wala sikustahili iwe laini. "Lakini sitakudanganya kwamba haikuniuma. Nimekaa nchi hii miaka kumi na mmoja. Baba yako angeweza kuniuliza. Watu mia mbili na kumi wangeweza kuniuliza. Hakuna aliyeniuliza; walinitaka tu nirudishe karatasi zao."



Mama alisafiri Jumatano, akatuacha mimi na Lukas kwa jirani mpaka Baba afike. Ijumaa Nyanya alimshika mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na jioni tulimwona kwenye simu akilalamikia uji wa hospitali. Tulijua hapo kwamba atapona.

Wikendi hiyo Baba alikuja Jedda kukaa nasi. Tuliketi naye mezani na kalenda. Tulifuta tarehe ya kijani juu ya Krismasi, na kila tarehe ya Kiislamu tukaandika ya kawaida kando yake. Ritani ya Kenya tuliijaza siku hiyo hiyo, zaidi ya wiki moja kabla ya mwisho wake. Sikujisikia waziri.

"Baba, Selipher amemrudishia Anko Morgan karatasi zake?" niliuliza.

"Bado. Na wengine wawili bado." Baba aliifunika kalamu ya kijani. "Mimi nilikupa kazi nisiikague, na hilo ni kosa langu. Wewe ulikosea tarehe, na hilo ni kosa la mtu anayejifunza. Tarehe ikipita, ofisi inakuambia faini ni kiasi gani, unalipa, unaendelea. Lakini ukimchafulia mtu jina, hakuna ofisi itakayokuambia ni kiasi gani wala utamaliza kulipa lini. Kwa hiyo ukikasirika, Shirleen, kwanza kagua kalenda yako mwenyewe. Nami nitakagua yangu."

Kisha alipiga namba ya Morgan, akaniwekea simu mkononi ili nimwulize kama tarehe zote sasa ziko sawa.