Utabiri Aliopewa Marehemu

Land Cruiser nyeupe ilikata kona ya maghala bila kupunguza mwendo.

Sindano aliikata kona hiyohiyo juu ya pikipiki ya Yamaha, goti likikaribia kugusa lami.

"Sindano, Kituo hapa. Unamwona?"

"Nakula vumbi lake."

"Asifike bandarini."

"Hafiki."

Alivuta mafuta, akapenya kati ya gari na ukuta, akachomoa bastola yake, Beretta.

Risasi moja.

Tairi la mbele lilipasuka. Gari liliyumba, likajichomeka kwenye lundo la magunia matupu na kunyamaza. Dereva alishuka mikono juu. Alikuwa mgeni, mwenye kampuni ya kununua nafaka, na alitabasamu kama mtu mwenye wakili mzuri.

"Mimi mfanyabiashara tu, dada."

"Na mimi mnunuzi. Leta hiyo laptopu."

Ndani yake alikikuta alichokifuata: utabiri wa msimu. Taifa zima lilikuwa likiusubiri usomwe mchana huo, na mgeni huyu alikuwa nao tangu wiki iliyopita. Mvua juu ya wastani, ulisema. Mavuno mazuri.

Ulikuwa uongo, na mpango ulikuwa mwepesi. Watu wangesikia habari njema redioni, wangeuza akiba yao ya mahindi kwa bei ya kutupa. Mgeni angenunua yote na kupakia melini. Kisha mvua zisije.

"Kituo, ninao. Nani kautuma?"

Aliyekuwa upande wa pili ni Masikio, fundi wa vinasa sauti.

"Umebadilishwa kwenye kompyuta ya shemeji yako. Ofisini kwake, kwa nenosiri lake. Ijumaa, saa moja jioni."

Sindano alifunga laptopu.

"Mkuu ameshaenda kumkamata. Lakini Sindano... Ijumaa saa moja, tuna kinasa."

"Najua tuna kinasa," alisema. "Si nilikiweka mimi?"

Alikiweka siku ya tatu ya msiba wa dada yake. Wanawake walikuwa jikoni wakiosha vikombe, wanaume nje wakikunja turubai. Alipiga magoti kama anayeokota kijiko, akabandika chini ya meza ya chakula kifaa kidogo mfano wa kifungo cha shati. Idara ya usalama ilishuku kwamba utabiri unavuja. Mtabiri mkuu alikuwa mume wa marehemu. Nani mwingine angeingia nyumba ile bila kuulizwa?

Hakuna aliyemlazimisha. Alijitolea mwenyewe.

Tangu hapo walisikiliza. Jasusi hawakumpata. Walimpata mgane aliyekula chakula cha jioni akizungumza na kiti kitupu. Masikio alicheka. Sindano naye alicheka kidogo, asije akaonekana ana moyo laini.

Waandishi wa habari walikuwa wamejaa ukumbi wa chini wa ofisi za hali ya hewa. Sindano alipanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha ramani, Masikio nyuma yake.

Shemeji yake alikuwa amesimama kando ya dirisha, pingu mikononi. Mkuu wa idara alikuwa mlangoni. Mkurugenzi wa utabiri alikuwa akinyoosha tai yake.

Mgane aliona bastola kiunoni kwanza, kisha uso.

"Shemeji? Si uliniambia unauza bima?"

Siku nyingine angejibu kwa mzaha. Leo alifunika bastola kwa koti.

"Jamani, tusipoteze muda," mkurugenzi alisema. "Nenosiri lake, kompyuta yake. Mwekeni ndani, mimi nishuke nikawasomee watu mvua zao."

"Mvua gani?" mgane aliuliza. "Msimu uliopita zilikatika mapema. Joto limekaa juu ya wastani miezi yote hii, mabwawa yako nusu, na bahari imepoa. Mimi niliandika ukame."

"Alikuona nani ukiandika?" mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna."

"Ulimwambia nani?"

"Unajua kiapo chetu. Utabiri haumtoki mtu mpaka usomwe. Mke wangu alikuwa akiniuliza afue lini mablanketi, namwambia sikiliza redio kama wenzako."

"Basi huna shahidi, baba."

"Anaye," Sindano alisema.

Akaweka kinasa cha Sony mezani, akabonyeza.

Sahani iligonga meza. Kisha sauti ya mgane, ya chini, ya mtu aliyeko nyumbani kwake.

"Mke wangu, leo nakwambia, maana sasa huwezi kumwambia mtu. Mvua hazipo. Zitachelewa kuanza na zitakatika kabla mahindi hayajabeba. Nimeyaandika hayo leo mchana."

Kioo cha kinasa kilionyesha Ijumaa, saa moja jioni. Mtu hawezi kula nyumbani na wakati huohuo kubadilisha faili ofisini. Na ofisi ile ilikuwa na funguo mbili tu: ya mgane na ya mkurugenzi, aliyetunza pia manenosiri yote.

Sindano alizima haraka.

"Mmekichonga!" mkurugenzi alipiga kelele. "Kipande tu! Wekeni yote, tusikie!"

"Hakuna haja," Sindano alisema.

"Weka yote," Mkuu aliamuru. "Isije ikasemwa mahakamani kwamba tumekata."

Sindano alikivuta kinasa karibu. Alibonyeza.

"Usiwe na wasiwasi na mimi," sauti iliendelea. "Mdogo wako hajanitupa. Wengine wote wamerudi kwenye shughuli zao, yeye kila Jumapili yuko hapa. Ananiletea matunda, anakaa kwenye kiti chako, ananifutia meza. Ulimlea vizuri."

Jumapili alikuwa akija kubadilisha betri.

Mgane hakumtazama Sindano. Alikitazama kile kinasa.

Mkurugenzi aliona nafasi yake, akakurupuka kuelekea mlangoni. Sindano alimtega bila kugeuza shingo, akamlaza chini, goti mgongoni.

"Zile funguo mbili zimebaki moja," alimwambia.

Ilibidi amfungue pingu shemeji yake ili amfunge mwingine. Mikono ile ilikuwa ya baridi.

"Pole, shemeji."

"Ulisikiliza yote?"

"Yote."

"Na hawa wenzako?"

Masikio alitazama viatu vyake.

Mgane alisugua vifundo vya mikono, akavaa koti. "Watu wanasubiri," alimwambia Mkuu. "Nitasoma mimi."

Alishuka ngazi taratibu, bila kumuaga mtu.

Nje, Masikio aliwasha Peugeot na redio pamoja. Sauti ilijaa gari: mvua chini ya wastani, mwanzo wa kuchelewa, ndugu wananchi msiuze akiba ya chakula.

"Zima," Sindano alisema.

"Hajamaliza. Nchi nzima inamsikiliza."

"Zima. Mimi nimeshamsikiliza vya kutosha."

Masikio alinyoosha mkono, akashindwa kuzima.

Sindano alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akafungua mlango, akashuka. Alitembea katikati ya barabara ya maduka, koti begani, bila haraka. Sauti ileile ilitoka kila mlango aliopita. Mbele ya duka la nafaka, mama mwenye duka alikuwa akiburuta magunia kuyarudisha ndani.

"Dada, umesikia? Anasema mvua hakuna."

"Nimesikia," Sindano alisema.

Akaendelea kutembea.